Mujuni, Shahidi wa Mpaka

Mgeni huacha kuwa mgeni siku gani? Je, ni siku anapojenga nyumba? Ni siku anapooa? Au ni siku anapoweza kumwambia jirani yake, mbele ya watu, kwamba amekosea, kisha akarudi kwake na kulala salama? Swali hili lilikaa moyoni mwa Mujuni kwa muda mrefu. Wakati hadithi hii inapoanza, hapakuwa na mtu wa kumjibu, na hata anayeisimulia hakuwa na jibu.

Mujuni alikuwa mkulima wa Izigo, wilayani Muleba. Aliishi na watoto wake na mkewe Klaudia katika kibanja cha migomba na kahawa ambacho Klaudia alipewa na baba yake. Asubuhi Mujuni alikata majani makavu ya migomba na kuyatandaza chini ili ardhi isikauke. Msimu wa kahawa ulipofika, aliianika uani, na Klaudia akawafukuza kuku huku akiwaita kwa majina ya majirani wenye tamaa. Watu waliipenda nyumba hiyo. Msiba ulipotokea, Mujuni alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika na jembe begani.

Hata hivyo, Mujuni hakuzaliwa Izigo. Alizaliwa Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula. Alivuka akiwa kijana yatima anayetafuta kibarua. Mzee Rutaihwa ndiye aliyempokea. Mzee alimlisha, akampa mahali pa kulala, akamfundisha kupogoa mibuni. Baada ya miaka kadhaa alimwita mbele ya wazee wa ukoo wake. Wazee wakachinja mbuzi. Wakatafuna kahawa pamoja naye. Wakamtajia muziro wa ukoo, yaani kile ambacho watu wa ukoo huo hawali kamwe. Tangu siku hiyo Mujuni alimwita mzee "tata", yaani baba, na kijiji kizima kikasema kwamba mambo yake yamekwisha. Jina lake lilikuwa kama majina ya Wahaya. Lugha ya kwao ilifanana na Kihaya. Ukoo ulikuwa umempokea. Nani angemwuliza kitu kingine?

Mujuni mwenyewe aliamini hivyo. Aliamini kwamba siku ile ya mbuzi na kahawa ndiyo iliyomfanya kuwa Mtanzania.

Kosa hilo lilijulikana siku ya kuandikisha vitambulisho vya taifa. Mwandikishaji alimwuliza alizaliwa wapi na wazazi wake walizaliwa wapi. Mujuni akasema kweli, kwa kuwa hakuona sababu ya kuficha. Mwandikishaji akaweka kalamu chini. Akamweleza kwa upole kwamba ukoo unaweza kumpa mtu ndugu, lakini hauwezi kumpa uraia. Uraia hutolewa na nchi, kwa utaratibu wa sheria. Mzee Rutaihwa, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, alikasirika sana.

"Mimi nimesema huyu ni mwanangu," alisema. "Na huyu kijana wa kompyuta anasema si mwanangu?"

Watu walicheka, lakini Mujuni hakucheka. Alirudi nyumbani akiwa kama mtu aliyeambiwa kuwa nyumba anayolala haina msingi.

Aliyemsaidia ni Mwalimu Agnetha. Mama huyu alifundisha somo la uraia katika shule ya Izigo, na jioni alifundisha watu wazima kusoma na kuandika. Mujuni alijifunza kusoma kwake. Mwalimu alipostaafu alihamia Bilele, mjini Bukoba. Alimweleza Mujuni kwamba anatakiwa kwanza kuhalalisha ukazi wake, kisha, muda unaotakiwa na sheria ukitimia, aombe uraia wa tajinisi, yaani ule anaopewa mtu aliyezaliwa nchi nyingine. Mujuni alifuata kila hatua. Haikuwa safari fupi. Hatimaye maombi yake yalipokelewa. Wadhamini wake walikuwa wawili, Mwalimu Agnetha na Mzee Rutaihwa. Tangazo likatolewa, ili yeyote mwenye pingamizi alipeleke. Kilichobaki ni mahojiano mjini Bukoba.

Ni wakati huo ndipo ugomvi wa mpaka ulipozuka.

Kibanja cha Mzee Rutaihwa kilipakana na kibanja cha marehemu Alexander. Huko Muleba, mpaka wa vibanja huonyeshwa kwa mulamula, mmea wa majani marefu ambao haufi upesi. Kung'oa mulamula ni jambo zito. Hata watoto wanaochunga mbuzi huonywa wasiuguse. Alexander alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mjane wake, Ma Edvina, alibaki akilima peke yake. Siku moja Ma Edvina alirudi kutoka hospitali, alikokuwa akimwuguza dada yake. Akaenda kuchuma kahawa. Akakuta mulamula umehama. Mibuni aliyoipanda marehemu mume wake sasa ilikuwa upande wa Mzee Rutaihwa.

Ma Edvina hakupiga kelele. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mama mmoja shupavu aliyeitwa Joanitha. Joanitha akamsikiliza yeye na Mzee Rutaihwa bila mafanikio. Shauri likapelekwa baraza la kata. Baraza likapanga kufika kibanjani lenyewe, lione kwa macho, kisha lijaribu kuwapatanisha.

Sasa sikiliza jambo lililomnyima Mujuni usingizi. Mpaka ule wa zamani aliupanda yeye. Wakati huo alikuwa kibarua wa Mzee Rutaihwa. Mzee na Alexander walisimama na wazee wengine wakionyesha mstari, na Mujuni akachimba mashimo, akapanda mulamula mmoja baada ya mwingine. Wazee wale wote walikuwa wamekwisha kufa. Waliobaki walioona mstari ule ukipandwa ni watu wawili tu, Rutaihwa na Mujuni.

Mzee Rutaihwa alikuja mwenyewe, mchana, akitembea kwa fimbo yake. Klaudia alimwekea kiti kivulini, akampigia magoti na kumsalimu. Kisha akaleta kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, kama ilivyo desturi ya kumheshimu mgeni. Mzee alichukua punje kadhaa. Hakuzitia mdomoni. Alizishika tu kiganjani.

"Baraza linakuja Alhamisi," alisema. "Watakuuliza mpaka ulikuwa wapi."

"Nimesikia, tata."

"Utawaambia uko palepale ulipo leo."

Mujuni alitazama chini. Alitafuta maneno yasiyomvunjia mzee heshima, na hakuyapata.

"Tata, mulamula niliopanda mimi ulipita upande wako wa mibuni. Haukupita upande wa Alexander."

"Kwani nimekuuliza ulipanda wapi? Ninakuambia utakachosema."

Kisha mzee akaeleza sababu zake, na alizieleza bila aibu, kwa kuwa aliziamini. Alisema kwamba ardhi ile ilikuwa ya babu yake zamani. Alisema kwamba Alexander alikuwa jirani mwema, lakini amekufa. Edvina ni mwanamke aliyekuja kwa kuolewa. Kesho anaweza kuolewa kwingine, au akawaita kaka zake waje kulima pale. Je, ardhi ya wazee iende kwa watu wa nje? Mujuni alisikiliza mpaka mwisho. Alikumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtu wa nje, na kwamba mzee huyuhuyu ndiye aliyemwingiza ndani. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Jina langu liko kwenye maombi yako," mzee alimalizia. "Niliwaambia wakubwa wa Bukoba kwamba wewe ni mtu mwema. Ukinisaliti, nitakwenda palepale niwaambie nilikosea. Nitawaambia huna shukrani. Waamue wenyewe kama wanataka raia wa namna hiyo."

Akainuka. Akazirudisha punje za kahawa kikapuni, moja moja, akaondoka bila kuaga.

Klaudia alikuwa amesikia yote. Kwanza aliendelea kuchambua maharage yaliyokuwa safi tayari. Kisha akasema kwamba jibu lipo, na ni rahisi.

"Sema umesahau. Kusahau si kosa."

"Na Ma Edvina akiniuliza nimesahauje kazi ya mikono yangu?"

"Mwambie umezeeka. Nywele zenyewe zimeanza kukukimbia, atakuamini."

Walicheka wote wawili, kicheko kifupi. Klaudia akaacha mzaha. Akasema anaogopa. Akasema amekuwa akiwaambia watoto kwamba hivi karibuni baba yao atakuwa raia kama wao. Je, maombi yakikataliwa, wakamvusha Mutukula, yeye atawaambia nini? Mujuni naye aliogopa jambo hilohilo. Alitazama mikono yake. Miaka yote ile alikuwa ameitumia kutafuta jambo moja, na sasa jambo hilo lilikuwa mkononi mwa mzee aliyekasirika.

Kesho yake alipanda gari kwenda Bukoba. Alimkuta Mwalimu Agnetha nyumbani kwake Bilele, akimwagilia mchicha uliopandwa kwenye ndoo kuukuu. Mwalimu hakumwacha aanze kusimulia kabla hajala. Alisema kwamba mtu mwenye njaa huona kila shida kuwa kubwa mara mbili. Baada ya chakula Mujuni alieleza kila kitu. Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho.

Kwanza alimtoa hofu moja. Mdhamini kujitoa hakumfanyi mtu afukuzwe nchini. Mujuni ana kibali cha ukazi, na anaishi kwa halali. Pia pingamizi halimalizi maombi papo hapo. Linachunguzwa, na mwombaji husikilizwa. "Lakini sitakudanganya," aliongeza. "Sijui wataamua nini. Inawezekana yakachelewa. Inawezekana yakakataliwa. Mimi si mtoa uraia."

Mujuni akamwuliza swali lililomleta. Raia mpya anatakiwa kuwa mtu wa namna gani?

"Usiniulize kama mwanafunzi anayetafuta maksi," Agnetha alisema. "Wimbo wa taifa unaujua. Rangi za bendera unazijua. Kiswahili unakijua kuliko watoto wangu walioko Dar es Salaam. Hayo si magumu."

"Gumu ni lipi, mwalimu?"

"Gumu ni kukubali kwamba sheria ni moja. Ni ileile kwa Rutaihwa na kwa Edvina. Ni ileile kwa mwanamume na mwanamke, kwa aliyezaliwa hapa na aliyehamia. Mjane ana haki katika ardhi ya nyumba yake kama mtu mwingine yeyote. Ukiapa, unaapa kulinda hilo, hata siku ambayo haki hiyo si yako na huna faida nayo."

Akaendelea kumweleza taratibu, kama alivyokuwa akifanya zamani mbele ya ubao. Alisema kwamba mzee huheshimiwa, lakini heshima haimpi mali ya jirani. Alisema kwamba wananchi wakigombana hupelekana barazani, hawapelekani kwa mapanga. Lakini baraza halina macho ya kuona yaliyopita. Macho yake ni mashahidi. Shahidi akidanganya, baraza limepofushwa, na kesho atakayekosa haki ni mwingine, na keshokutwa ni yeye mwenyewe. Maofisa wanapotafuta tabia njema kwa mwombaji, alisema, hawatafuti mtu anayewafurahisha wakubwa. Wanatafuta mtu ambaye neno lake linaweza kutegemewa.

Ndipo Mujuni akasema lile lililokuwa chini ya mengine yote.

"Na shukrani je, mwalimu? Nilipokuwa sina kwetu, yule mzee alinipa chakula cha watoto wake."

Mwalimu Agnetha aliweka kopo la maji chini.

"Deni la shukrani unalo, na ni lazima umlipe," alisema. "Lakini mlipe kwa kilicho chako. Shamba la Edvina si lako."

Mujuni alirudi Izigo bila furaha. Alikuwa ameelewa, na kuelewa hakukumpunguzia hofu hata kidogo.

Alhamisi ilifika. Wajumbe wa baraza la kata walikuja kibanjani wakiongozwa na mwenyekiti wao, Rugemalira, mtu mpole mwenye kofia ya zamani. Majirani walijaa kati ya migomba. Rugemalira alieleza kwamba baraza halikuja kutoa hukumu. Kazi yake ni kusikiliza na kusuluhisha. Wasipopatana, watakwenda kwenye baraza la ardhi la wilaya. Lakini akaomba kila mmoja aseme kweli, kwa sababu usuluhishi uliojengwa juu ya uongo hauvuki msimu mmoja.

Mzee Rutaihwa alisema wa kwanza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Ma Edvina alisema wa pili, na maneno yake yalikuwa machache. Alisema kwamba mpaka ulipopandwa yeye hakuwepo, alikuwa kwa wazazi wake akijifungua. Anachojua ni kwamba mibuni ile aliichuma na mumewe kila mwaka, na hakuna aliyewahi kuwazuia. Kisha Rugemalira akaita jina la Mujuni.

Mujuni alipita mbele. Alimwona mzee aliyemlea akimtazama bila kupepesa. Alimwona Klaudia nyuma ya watu, mikono kifuani. Kwa muda alisikia tu majani ya migomba yakigusana.

"Mulamula wa mpaka huu niliupanda mimi," alisema. "Mzee Rutaihwa na marehemu Alexander walinionyesha mstari. Ulipita hapa niliposimama. Mibuni ile ilikuwa upande wa Alexander. Huu mliouona leo si ule nilioupanda. Umehamishwa."

Kelele zikazuka. Mzee Rutaihwa akagonga fimbo chini.

"Huyu si wa hapa," alisema. "Ametoka Uganda. Anajuaje mipaka yetu?"

Rugemalira alivua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena.

"Ta Rutaihwa, tulipokutana juzi ulituambia huyu ni mwanao, na atakuja kukushuhudia. Leo si wa hapa. Tushike lipi, mzee wetu?"

Watu wengine walicheka. Mujuni hakufurahia kicheko hicho. Aliomba jembe. Akasema kwamba mulamula hata ukikatwa huacha mizizi ardhini, na wajumbe wanaweza kuitafuta. Akachimba pale alipokuwa amesimama. Akachimba mbele kidogo. Akachimba tena. Kila mahali, chini ya matandazo, ilitoka mizizi iliyokatwa kwa panga, bado mibichi, katika mstari ulionyooka. Wajumbe waliinama wakaitazama mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyecheka tena.

Mzee Rutaihwa alikaa chini. Alionekana mzee zaidi kuliko alivyokuwa asubuhi. Rugemalira na wajumbe walizungumza naye pembeni kwa muda mrefu, kwa sauti za chini. Waliporudi, mzee alisema mbele ya wote kwamba mpaka urudi ulipokuwa. Baraza likaandika makubaliano, na pande zote zikatia sahihi. Siku hiyohiyo mulamula ukapandwa upya, wajumbe wakishuhudia. Ma Edvina alifunika uso kwa kanga yake, akalia taratibu.

Wakati wa kuondoka, mzee alipita karibu na Mujuni.

"Kesho ninakwenda Bukoba," alisema.

Na kweli alikwenda. Alijitoa udhamini. Alipeleka pia pingamizi, akidai kwamba Mujuni ni mchochezi na hana shukrani. Habari zilifika Izigo kabla yake. Klaudia alizisikia sokoni, akarudi nyumbani na ndizi zake zikiwa hazijauzwa. Mujuni alidhani atamlaumu. Badala yake alimwambia kwamba pale kibanjani, alipomwona akichimba, aliona aibu kwa ushauri aliompa. Kisha akaongeza kwamba aibu haimzuii kuogopa, na akaenda kupika.

Joanitha, mwenyekiti wa kitongoji, alikubali kuwa mdhamini mpya. Alisema atasema anachojua, hataongeza wala kupunguza.

Siku ya mahojiano, ofisa alimwuliza Mujuni maswali mengi. Alimwuliza kuhusu historia ya nchi, kuhusu kazi yake, kuhusu familia yake. Mwishoni alimwuliza kwa nini mdhamini wake wa kwanza amejitoa. Angeweza kumchafua mzee. Angeweza kusema kwamba mzee ni mwizi wa ardhi, na huenda hilo lingemsaidia. Alieleza tu yaliyotokea barazani, kwa mpangilio wake. Kisha akasema kwamba mzee huyo alimlea, na kwamba hadai kuwa mzee ni mtu mbaya. Ofisa aliandika, akamwambia kwamba watachunguza maelezo ya pande zote. Hakumwahidi lolote.

Kungoja kulikuwa kugumu kuliko mahojiano. Maofisa walifika Izigo, wakawauliza majirani, wakasoma makubaliano ya baraza. Kisha kimya. Mvua za vuli zilikwisha, na bado kimya. Mujuni alilima, akapalilia, akahudhuria misiba. Kila gari geni lilipoingia kijijini, aliinua kichwa. Watoto walipomwuliza kama tayari amekuwa raia, aliwaambia bado, na hakuwaambia zaidi.

Masika yalikuwa yanaishia alipoitwa Bukoba. Pingamizi lilikuwa limechunguzwa na kukataliwa. Maombi yake yalikuwa yamekubaliwa. Mujuni aliukana uraia wa Uganda, kwa kuwa sheria hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Aliapa kuwa mtiifu kwa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania na kuzishika sheria zake. Mwalimu Agnetha alikuwepo. Alisimama wima muda wote wa kiapo, na baadaye akasema miguu inamuuma.

Siku chache baadaye Joanitha aliitisha mkutano wa kitongoji katika darasa moja la shule. Ulikuwa mkutano wa kwanza wa Mujuni akiwa raia. Walizungumza habari za barabara na za maji. Watu walipokuwa wakijiandaa kuondoka, kijana aitwaye Mutembei alisimama. Alisema kuna jambo moja limebaki. Mzee Rutaihwa alihamisha mpaka wa mjane, akataka kumharibia Mujuni uraia. Adhabu gani amepata? Hakuna. Basi, alisema Mutembei, mzee atengwe. Asisalimiwe. Asisaidiwe kuvuna. Aondolewe kwenye chama cha kuzikana, ili akifa watu wake wamzike wenyewe.

Wengi waliunga mkono. Tayari baadhi yao walikuwa wameanza kumtenga. Kahawa ya mzee ilikuwa imeiva, na hakuna jirani aliyekwenda kumsaidia. Joanitha alisema jambo hilo halikuwa kwenye ajenda, lakini sauti yake ilimezwa.

"Tunafanya hivi kwa ajili ya Ma Edvina," Mutembei alisema.

"Mimi sikukutuma," Ma Edvina alijibu, bila kuinua kichwa.

Kijana hakurudi nyuma. Aliwataka wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono ikaanza kupanda, mmoja hapa, mwingine pale. Kisha watu wakamgeukia Mujuni. Yeye ndiye aliyeumizwa. Mkono wake ukipanda, na iliyobaki itapanda. Mzee Rutaihwa mwenyewe hakuja, lakini mwanawe Apolinary alikuwa ameketi karibu na mlango. Alikuwa ameinamisha uso, akingoja.

Mujuni alisimama. Alijua kwamba watu hawa walikuwa upande wake. Alijua pia kwamba baada ya dakika hiyo huenda wasiwe upande wake tena.

"Mzee Rutaihwa alikosea," alisema. "Baraza lilimsikiliza, na mpaka umerudi. Pingamizi lake lilichunguzwa, na jibu limetoka. Hakuna sheria niliyoiona inayosema mtu kama huyo anyimwe salamu au maziko. Tukiitunga leo kwa hasira, kesho itamshika mwingine ambaye tumemchukia tu."

"Wewe ni mwoga wake," mtu mmoja alisema kutoka nyuma.

"Nilimwogopa, ndiyo. Hata siku ile kibanjani nilimwogopa. Lakini sitaacha kwenda kumsalimu."

"Akikufukuza je?" Mutembei aliuliza. "Ukienda kwake na hiyo huruma yako, akakufukuza kama mbwa?"

Mujuni alimtazama kijana, kisha akawatazama wengine wote, mpaka kule mlangoni.

"Akinifukuza, nitarudi nyumbani," alisema. "Lakini mkono wangu sinyooshi. Na kesho asubuhi, mimi na Klaudia tunakwenda kumchumia Mzee Rutaihwa kahawa yake."